Gita la Amin Lililobaki Muyeye

Muyeye, Malindi
2 Mei 1984

Kwa shemeji yangu Amin, kwa mkono wa mwanangu Tumu, Mtwapa.

Assalaam aleikum. Nawaandikia kwa mkono wangu mwenyewe, mkono ulioishia darasa la nne kwa sababu mwalimu hakuwa tena na cha kunifundisha, na alikiri mbele ya darasa zima. Kwa hivyo Tumu, ukiona herufi imelala, iinue mwenyewe, usimsumbue baba yako na koo lake hilo.

Shemeji, gita lako liko salama. Siku ile ulipopelekwa Mombasa nililibeba kutoka kwako Shela, hapa hapa Malindi, mpaka huku Muyeye kwa miguu, kifuani, kama mtoto wa siku tatu. Watu wakaniuliza, Awadh, leo umeanza muziki? Nikawajibu, muziki ndio uliojifunza kwangu. Wala si uongo. Unakumbuka mwaka ule niko Mambrui, nikasikia uzi wa gita la Ochola umelegea, na Ochola mwenyewe anapiga hotelini huku Malindi, maili kumi? Nikamtuma mtu kwa baiskeli akamwambie aukaze. Wallahi. Ochola hajakanusha mpaka leo.

Masika yameingia kwa fujo na makuti yangu yanavuja pembe moja, lakini usitie wasiwasi. Miaka ishirini na tano mimi natunza mbao za vyombo vya bahari pale ufukweni, maji ya chumvi yananiogopa. Na gita ni nini? Ni chombo cha mbao: kina mbavu, kina tumbo, kinataka kulindwa na maji. Ninayo dawa yangu. Jina lake sitaji, kuna watu huiba ujuzi kwa kusoma barua za wenzao. Nimeshaanza kulipaka, nje na ndani. Ukirudi utanibusu mkono.

Mimi shemeji yako,
Awadh wa Muyeye, fundi


Mtwapa
18 Juni 1984

Mjomba wangu Awadh,

Shikamoo. Natumaini mfungo unakwenda vyema huko.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Baba alipasuliwa koo mwezi uliopita, na sasa nimemleta hapa kwangu, chumba hiki hiki kimoja. Kidonda kimepona. Sauti haipo, na daktari amesema haitarudi. Ana daftari, akitaka kitu anaandika.

Ugonjwa haujakwisha. Lazima aende Nairobi kuchomwa kwa mionzi, na amepewa nafasi tarehe 6 Agosti. Daktari anasema akienda siku hiyo ana miaka mbele yake. Asipokwenda, tuhesabu miezi. Baba alikataa. Siku tatu aliutazama ukuta. Siku ya nne akaandika hivi, nanakili kama ilivyo: "Niletee gita. Nikiona bado naweza kusema kwalo, nitakwenda Nairobi. Kama siwezi, niacheni."

Tangu hapo amechangamka. Anapiga vidole kwenye ukingo wa kitanda, anajizoeza. Jana nilimwambia mjomba analitunza, akaandika, "Atalijaza hadithi mpaka lisisikike." Alicheka kwa mabega.

Tafadhali lilete mwenyewe au mpe mtu wa kuaminika. Unajua alivyo nalo. Ule ufa ubavuni, mama alipoliangusha mwaka niliozaliwa mimi, hajakubali uzibwe hata baada ya mama kufariki. Uzi wa tatu unakwaruza kidogo kwa sababu ya ufa huo, na baba husema ule mkwaruzo ni wa Shekha mkewe.

Mpwa wako,
Tumu


Muyeye, Malindi
3 Julai 1984

Mwanangu Tumu,

Idi njema iliyopita na zijazo. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa sauti mbele ya gita lenyewe ili lisikie lina safari.

Ila lazima nikueleze, maana wewe ni mwanamke wa cherehani, mambo ya magita si yako. Gita haling'olewi tu ukutani likatupwa kwenye basi. Hivi sasa lipo katikati ya dawa, na dawa ikikatizwa mti hushtuka. Pili, upepo wa kusi huu unapinda shingo, nimeona magita manne yamegeuka upinde. Tatu, mguu wangu wa kulia umechomwa na mwiba wa samaki taa nilipokuwa majini, taa mpana kama mlango wa msikiti, wallahi, wanaume sita tulimvuta akatuvuta sisi. Daktari wa Kizungu alitaka kuukata mguu, nikamwambia kwanza kata wa kwako tuone.

Mwambie baba yako asubiri kidogo. Aende Nairobi kwanza, akirudi atalikuta linaimba mpaka majirani wahame. Si ni bora hivyo? Kutanguliza matibabu, kisha furaha.

Mjomba wako,
Awadh


Mtwapa
12 Julai 1984

Mjomba,

Shikamoo.

Mwambire, utingo wa basi linalopita hapa kwenda Malindi, amenieleza kuwa Jumapili alikuona harusini ukicheza kwa miguu yote miwili.

Baba hawezi kwenda kwanza halafu akapata gita. Ndivyo alivyokubali, na sina namna nyingine ya kumkubalisha. Zimebaki siku ishirini na tano. Jana aliacha kupiga vidole kitandani. Aliandika, "Awadh amelivunja?" Nikamwambia hapana. Nimesema kweli?

Mpe Mwambire gita. Hii ndiyo barua ya mwisho ya kuomba. Ijayo nitakuja mwenyewe, na sitaki hadithi.

Tumu


Muyeye, Malindi
20 Julai 1984

Mwanangu Tumu mwenye hasira za marehemu dada yangu,

Haya. Hilo gita, kwa mkono wa Mwambire, nimelifunga kwa shuka mbili na gunia. Kama Mwambire ameliwekea kuku juu yake nitajua, maana nimeweka alama.

Mwambie shemeji alitazame vizuri. Ufa wake ubavuni ule pale. Nyuzi nimezitia sawa mimi mwenyewe. Na asishangae akiona limekuwa tamu zaidi ya alivyoliacha, hiyo ni dawa yangu, mti umekunywa ukashiba ukatulia. Hata Ochola aliposikia alisema, Mzee Awadh, wewe ungezaliwa Ulaya wangekujengea sanamu.

Kuhusu ile harusi: mguu mmoja ulikuwa wangu, wa pili nilikuwa nauburuta. Mwambire haoni vizuri.

Sasa aende Nairobi.

Mjomba wako,
Awadh


Mtwapa
25 Julai 1984

Mjomba Awadh,

Shikamoo. Gita lilifika Jumamosi.

Baba alioga kwanza. Akaniomba kanzu nyeupe. Akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akalipapasa kote kwa kiganja, akaugusa ufa. Nilimwona akitabasamu. Kisha akapiga nyuzi zote mara moja, akakatiza palepale kwa kiganja. Akazilegeza, akazikaza upya, akapiga. Akakatiza. Alifanya hivyo labda mara kumi. Mwisho akaupiga uzi wa tatu peke yake, akaweka sikio juu ya ubao, akangoja mpaka ukanyamaza.

Akaandika, "Siyo sauti yake."

Akaniuliza kama nasikia tofauti. Mimi nasikia gita, mjomba. Sijui zaidi.

Sasa nakuomba usikilize kwa makini. Daktari alituonya tangu mwanzo kuwa masikio yakianza kubadilika tumwambie, huenda ugonjwa umepanda juu. Baba analijua hilo. Tangu Jumamosi anaandika swali moja tu: ni gita au ni mimi? Anasema wewe umekaa nalo, na mbao unazijua. Kama kuna lililotokea, liwe la aibu namna gani, useme. Kama gita lina kasoro, hajali, atakwenda Nairobi akiwa na masikio yake. Anangoja neno lako.

Mjomba, mimi sitakukasirikia. Lakini jibu.

Tumu


Muyeye, Malindi
29 Julai 1984

Shemeji yangu Amin,

Nimepata barua ya Tumu, nikaisoma mara mbili. Wewe unaniuliza mimi kama gita ni lile? Mimi niliyesimama nawe dukani kwa Anantrai siku uliyolinunua, nikakwambia chukua la kushoto, la kulia lina kifua cha mgonjwa? Gita ni lile lile, halijatoka nyumbani kwangu hata dakika moja, na mti wake haujawahi kuwa mzima kama sasa.

Nakwambia hivi kwa kuwa mwanamume mwenzangu hadanganywi. Maradhi ndivyo yalivyo. Mimi mwaka wa sitini na moja nilishikwa na homa ya siku arubaini, muadhini akiadhini nikawa nasikia debe linagongwa. Masikio ni nyama kama nyama nyingine, yanachoka. Si aibu. Umeyatumia sana, kila harusi kutoka hapa mpaka Kilifi ni wewe.

Usihuzunike. Likae tu karibu nawe. Hata usipolisikia vizuri, sisi tutakusikilizia. Nawe nenda Nairobi kama ulivyoahidi.

Shemeji yako,
Awadh


Mtwapa
Ijumaa, 3 Agosti 1984

Shemeji Awadh,

Asante kwa kunijibu bila kuzunguka. Mwingine angenificha.

Nimelipiga kila asubuhi tangu lije. Uzi wa tatu haukwaruzi. Tumu anasema sauti ni nzuri, na mimi nasikia kuwa ni nzuri, lakini ni gita la mtu mwingine. Sasa nimejua huyo mtu mwingine ni mimi.

Koo nilikubali litoke. Niliwaza, mtu anaweza kunyamaza akaishi kwa vidole. Lakini masikio yakishaondoka, huko Nairobi nakwenda kuokoa nini? Basi lilikuwa liondoke Jumapili jioni. Nimemwambia Tumu nafasi yangu apewe mwenye haja nayo. Amelia.

Siku yangu ikifika, gita Mwambire atakurudishia. Wewe ndiwe uliyelitunza, na wewe bado unasikia. Mvua ikinyesha upige uzi wa tatu. Shekha alipenda hivyo.

Shemeji yako,
Amin


Muyeye, Malindi
7 Agosti 1984

Tumu,

Barua hii msomee baba yako yote, usiruke mahali. Msomee kabla hujaniwazia lolote.

Masikio yake ni mazima. Gita nililomletea si lake. Ni la Ochola. Yalikuwa mawili pale dukani kwa Anantrai, ya aina moja, Amin alichukua moja na baadaye Ochola akalichukua jingine. Nilimwendea Ochola nikamwambia kuna mgonjwa hana gita, akalivua begani akanipa, hakuuliza. Ufa nilichora mimi kwa msumari, nikausugua masizi uonekane wa zamani.

La baba yako lipo hapa, juu ya kichwa changu ninavyoandika. Dawa yangu ni mafuta ya papa. Hayo tunayopaka mbao za vyombo zisinywe maji. Mara nane nililipaka. Ndani nilimimina kopo zima kwa lile tundu, nikaligeuza huku na huku kama mtu anayesuuza chupa, ili kila pembe ipate. Liling'ara wiki mbili, nikaita watu walione. Wiki ya tatu nikalipiga, nikadhani kuna kitu kimeingia masikioni mwangu. Nikalipiga tena. Ni kama kugonga gunia la mchanga. Gundi ikaachia, ule ufa wa dada yangu ukafunguka mpaka vidole vinne vinapita. Linanuka mpaka paka wanalala chini yake wakingoja lianguke.

Sikuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa mbao ya gita inataka kuwa kavu. Au labda Amin aliniambia, maana aliongea sana habari hizo, na mimi wakati huo nilikuwa nikiongea.

Sasa lile kosa la pili. Barua ya Amin niliipata Jumamosi. Jumapili alfajiri nikapanda basi kuja kwenu, basi lile la Nairobi lilikuwa bado halijaondoka, ningewahi. Nilifika Kilifi. Tukashuka kungoja feri. Nikawaza nitakavyoingia mlangoni, shemeji amekaa, hawezi hata kunitukana, ataniandikia. Nikawa natunga neno la kuanzia. Natunga, feri ikaja ikaondoka. Ikaja ya pili. Mtu mmoja akaniuliza, mzee huvuki? Nikamwambia nangoja mzigo. Ya tatu ilipoondoka nikarudi Malindi.

Hadithi zangu zote huwa natia wallahi. Ile barua ya kumwambia masikio yamechoka haina, itazame. Nilidhani Mungu atanihesabia hilo.

Mwambie aende Nairobi. Mwambie alisikia sawasawa, tangu siku ya kwanza, yeye peke yake. Mwambire anangoja, basi linapiga honi.

Awadh


Mtwapa
2 Septemba 1984

Mjomba,

Barua yako ilifika tarehe nane. Nilimsomea yote, sikuruka.

Nilitazamia angekasirika. Aliniomba niirudie ile sehemu ya msumari. Kisha akacheka, mabega yakatikisika mpaka nikamshika asianguke. Akaandika kwa herufi kubwa, ukurasa mzima, "NILISIKIA." Akaomba gita la Ochola. Sasa kwa kuwa alijua ni la mtu mwingine, alilipiga kama la mtu mwingine, kwa heshima, na likakubali. Alipiga asubuhi hiyo mpaka wapangaji wenzangu wakaacha kufua wakaja kusimama mlangoni. Alinipigia nyimbo alizompigia mama. Nilikuwa sijui kama anazijua zote hizo.

Tulirudi kwa daktari kesho yake. Nafasi ya tarehe sita ilikuwa imeshapewa mtu. Iliyofuata ni ya tarehe 12 Novemba. Baba akaitikia kwa kichwa, akaandika tarehe hiyo kwenye jalada la daftari, akaizungushia mstari.

Ugonjwa haukungoja. Alifariki Ijumaa, tarehe 24 Agosti, saa nne asubuhi. Tulimzika hapa Mtwapa baada ya swala ya alasiri.

Sikukuletea habari ya maziko. Mwambire alipita na basi saa tano akaniuliza nimwambie mjomba nini. Nikamwambia, usimwambie kitu. Ungewahi. Nilijua ungewahi, na nilinyamaza. Wewe una lako na mimi nina langu.

Ochola amerudishiwa gita lake.

Baba alikuachia maneno kwenye daftari. Nanakili: "Mwambieni Awadh mafuta ya papa hayatoki. Asijaribu, atalivunja bure. Alitundike tu. Na mvua ikinyesha, lile nililomwomba bado namwomba." Kwa hiyo yeye amekusamehe, nadhani ndiyo maana yake. Mimi bado.

Arubaini itasomwa tarehe 3 Oktoba. Sijakuita, wala sijakukataza.

Tumu


Muyeye, Malindi
11 Novemba 1984

Tumu,

Arubaini nilikuja. Feri nilivuka. Nilikaa nje upande wa barabara mpaka kisomo kikaisha, kisha nikapanda basi. Nadhani uliniona. Sahani ya chakula aliyoniletea mtu nilijua imetoka kwako, sijui kama ulisema wewe.

Nilikuwa nimeshajaribu kuyatoa mafuta kabla ya barua yako. Kwa majivu, kwa chumvi, kwa kulianika juani. Nimeacha kama alivyosema. Nimelitundika chumbani, pembe isiyovuja.

Jana vuli imenyesha, ya kwanza. Nikaushika uzi wa tatu nikaupiga. Nikangoja. Nikaupiga tena. Hakuna kilichotoka ila ile harufu. Lakini nitaupiga kila mvua, ameniagiza.

Kesho ilikuwa ndiyo siku yake ya Nairobi. Naikumbuka.

Asubuhi Ochola alikuja na gita lake. Alinikuta nimekaa na watu, akanipa mbele yao, akasema, Mzee Awadh, uzi mmoja unanisumbua, wewe mwenye masikio ya kutoka Mambrui hebu sikiliza uniambie ni upi. Watu wakasogea, wakajua sasa naanza.

Nikamrudishia. Nikamwambia mimi sijui magita.

Awadh